Mwalimu wa Majengo ya Uajemi

Mwalimu hakukubali hata siku moja kwamba tunaishi Dubai. Ukimuuliza anakaa wapi, atakwambia yuko Babeli, na atalisema bila kucheka huku akikumiminia chai. Sisi wengine tukipiga simu Kenya tulisema tuko Dubai, na ndugu zetu wakasikia minara na dhahabu. Yeye alisema Babeli kwa mke wake, kwa wanawe na kwa mchungaji wa kwao, na wote walizoea. Nadhani mwanawe wa mwisho alikuwa mkubwa kabla ya kujua kwamba mji anaofanya kazi baba yake una jina lingine.

Mtaa wetu wa International City umegawanywa kwa majina ya nchi. Kuna majengo ya Uingereza, ya Ufaransa, ya Urusi, ya Uchina, na kila nchi imepakwa urembo kidogo ukutani ili mpangaji asijisahau. Mwalimu alikaa majengo ya Uajemi, chumba cha vitanda vya ghorofa, kitanda cha chini karibu na dirisha. Ilikuwa mbali na kituo cha basi. Alipata nafasi majengo ya Uingereza, karibu kabisa na kituo, akaikataa.

"Binti," aliniambia, "Wayahudi walirudi kwao kwa ruhusa ya mfalme wa Uajemi. Mimi nimekaa hapa mlangoni mwake nangoja yangu."

Sikujua kama anatania. Nilimjua miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo sikujua kama anatania.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, wa shule ya msingi huko bara, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Kazi yake hapa ilikuwa kutunza stoo ya vipuri vya magari Al Qusais, na hata Waarabu na Wahindi wa ghalani walimwita ustadh. Alisahihisha watu. Alisahihisha Kiswahili chetu Wakenya, jambo ambalo tunastahili, lakini alisahihisha na cha Wazanzibari wa Deira, na mzee mmoja muuza vitambaa alimfukuza dukani kwa sababu hiyo. Mwalimu alirudi wiki iliyofuata kununua kitambaa cha suruali kana kwamba hakuna lililotokea, na yule mzee akamkatia kwa upole akimwita bwana mkubwa.

Nitasema mapema ili nisionekane napamba. Mtu huyu aliniponya moyo, na mtu huyu huyu ndiye aliyemwachisha mtoto mdogo baba yake. Yote mawili aliyafanya kwa habari moja ya Biblia, aliyoipenda kuliko zote: ya Wayahudi waliotoka uhamishoni, wakarudi kwao wakakuta magofu, wakajenga upya.

Wengine wetu tulijua kidogo tu juu ya habari hiyo kabla yake. Wahubiri wetu wa nyumbani walipenda baraka na vita. Mwalimu alipenda mambo ya baadaye, watu wakiwa wamechoka. Kila Ijumaa asubuhi tulikusanyika sebuleni kwa familia moja ya Kikamba, viatu vikijaa koridoni, na Mwalimu akasoma. Alituambia tusimame anaposoma, kwa sababu wale waliorudi walisimama uwanjani tangu alfajiri mpaka adhuhuri kusikiliza sheria ikisomwa. Walinzi waliotoka zamu ya usiku walisimama wakiegemea ukuta, macho mekundu. Niliwahi kumwambia kwamba hawa watu wataanguka. Akasema na wale wa Yerusalemu walikuwa mafundi na wachungaji wa kondoo, hawakuwa wamelala pia.

Kisha alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Akimaliza fungu moja alisimama, akamwita mtu yeyote aeleze alichosikia kwa lugha ya kwao. Mkamba kwa Kikamba, Mluo kwa Kijaluo, msichana wa Uganda kwa Kiganda. Hatukuelewana, ila kila mtu alimwelewa wake. "Hata siku ile," alisema, "kulikuwa na watu wa kupita katikati ya umati wakieleza maana. Kusoma bila kueleza ni kelele." Hilo alilisema mara nyingi sana, na ndilo linaloniuma nikilikumbuka.

Alikuwa na njia ya kuwaleta wale watu wa kale mpaka kwenye meza zetu. Yule aliyejenga ukuta wa Yerusalemu alikuwa mnyweshaji wa mfalme, na kwa Mwalimu huyo alikuwa mhudumu wa hoteli kama sisi. "Anamimina divai, anasimama nyuma, haruhusiwi kununa mbele ya sir," alieleza. "Siku moja sir anamwuliza, mbona uso umekunjamana? Moyo unamwenda mbio. Nyinyi mnaofanya kazi migahawani mnajua hofu hiyo. Anaomba likizo. Anapewa na barua za kumvusha mipakani. Mmeona? Hakuacha kazi kwa kutoroka. Aliomba." Vijana wa hoteli walicheka mpaka wakashikana, na mmoja wao siku ya pili alikwenda kumwomba meneja wake likizo aliyoiogopa mwaka mzima, akapewa.

Kilio hakukipenda. Yaani, alipenda watu walie wakisikia neno, lakini wasipitilize. Watu wa Yerusalemu walipolia waliambiwa wanyamaze, waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wampelekee fungu asiyeandaliwa kitu. Kwa hiyo kila Ijumaa ililazimika kuwe na pilau, au mokimo, au angalau mandazi na chai ya maziwa iliyokolea iliki, ile ya hapa, ambayo alikuwa haiachi ingawa daktari alimkataza sukari. Na sahani ya kwanza ilishuka chini kwa mlinzi wa jengo, Mbangladeshi mmoja mpole, Mwislamu, ambaye aliipokea kwa mikono miwili bila kuuliza ilikuwa ya sherehe gani. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeipeleka, kwa ngazi, kwa kuwa lifti aliiogopa.

Mtu aliyesema juu ya kurudi kuliko yeye sikumwona, na mtu asiyerudi kuliko yeye sikumwona pia. Mwaka kesho. Mtoto huyu akimaliza chuo. Nyumba ikiezekwa. Tulikuwa tunamtania wazi. "Mwalimu, mfalme bado hajatia sahihi?" Naye hujibu, "Mfalme yuko tayari, ni mimi natafuta viatu." Alikuwa mkali wa maneno, lakini hakuweza kuvumilia mtu kukaripiwa mbele yake. Nilimwona akitoka nje ya duka kwa sababu arbab, yaani mwenye duka, alikuwa akimfokea mfanyakazi wake, akasimama juani mpaka kelele zikaisha, kisha akarudi kulipia mkate wake.

Miaka ya korona ilituvunja. Hoteli zilifungwa, watu wakarudishwa kwao bila kuagana, na waliobaki walikaa vyumbani wakinuniana. Tulipoanza tena kukutana, ushirika ulikuwa ushirika jina tu. Wakisii wenzangu hawakutaka kukaa mkeka mmoja na Waluhya kwa ugomvi wa nani aongoze. Walevi walikuja wakinuka pombe. Na wengi walikuwa wameingia yale tunayoyaita maisha ya Dubai: mtu ana mke au mume Kenya, na hapa anaishi na mwingine nyuma ya ukuta wa mbao. Kila mtu alijua na kila mtu alitazama pembeni.

Mwalimu akasema tutafanya kama wale waliorudi. "Walijenga nyumba ya Mungu, wakajenga na ukuta," alisema, "halafu wakagundua watu ni walewale. Ukuta ulikwisha, watu bado." Tukafunga. Tukasoma mfululizo, Ijumaa baada ya Ijumaa. Alianza na ukuta, pale ambapo kila mtu alijenga sehemu iliyokabili nyumba yake mwenyewe. "Nani hapa ana nyumba?" aliuliza. Tukacheka; wote tulikuwa na vitanda. "Basi ukuta wako ni yule mnayelala naye chumba kimoja na hamsemezani. Na kama humo chumbani ni salama, ukuta wako uko Kenya, nawe unaujua."

Wangu nilikuwa naujua. Mimi na dada yangu hatukuwa tumesemezana tangu mazishi ya mama. Nilitoka nikaenda kwenye ngazi za jengo, mikono bado inanuka dawa ya dobi ya hotelini, nikampigia. Hakuna aliyeomba msamaha. Tulilia, kisha tukaongea habari za mahindi, kwamba mwaka huu mvua imekawia. Nimekuwa nikiongea naye kila wiki tangu siku hiyo. Watu wa aina yangu walikuwa wengi. Wakisii na Waluhya walipika pamoja. Kijana mmoja aliyekuwa akikesha kwenye mabaa ya Deira akaacha, na mpaka leo ameacha. Naliandika hili kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya mtu adhani tulidanganyika. Hatukudanganyika. Ile roho mpya tuliiona kwa macho.

Ndipo tukafika pale ambapo wahubiri wengi huruka.

Baadhi ya wanaume waliorudi walikuwa wameoa wanawake wa mataifa ya jirani. Kuhani aliposikia alirarua nguo zake, akang'oa nywele za ndevu zake, akaketi ameduwaa. Watu wakakusanyika uwanjani, mvua inanyesha, wanatetemeka kwa baridi na kwa hofu, wakakubali kuwaacha wake hao pamoja na watoto waliowazaa. Mwalimu aliisoma yote kwa sauti ileile ya darasani. Alipomaliza hakumwita mtu aeleze. Akasema, "Hili nalo limeandikwa," akafunga Biblia, akaketi.

Kisha Kibet akasogea mbele. Kibet alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi wa hoteli, mtu wa Eldoret, mpole, mwenye mke na watoto wawili huko kwao. Huku aliishi Al Qusais na Selam, Mhabeshi, aliyetoroka kwa kafeel wake, mwajiri aliyemdhamini, miaka mingi nyuma na hakuwa na karatasi. Walikuwa na binti, Hana. Wengi wetu tulikwisha kula kwa Selam.

"Mimi ni mmoja wao," Kibet akasema. "Niko na mwanamke si wangu. Leo namwacha, na nyinyi ni mashahidi."

Amina iliyotoka mle ndani nadhani Mbangladeshi wetu aliisikia huko chini. Mwalimu alisimama akamkumbatia, machozi yakimtiririka. Tukaimba. Tukala. Sahani ya kwanza ikashuka ngazi kama kawaida. Hakuna aliyeuliza mtoto atalala wapi.

Mwalimu hakukusudia yaliyotokea, na hilo nina hakika nalo. Yeye ni mtu wa taratibu. Kichwani mwake Kibet alikuwa ameungama, na sasa wazee wangekaa naye, wangemwita Selam, wangepanga mtoto aandikishwe vipi na mama yake apitie njia gani ya kutengeneza mambo yake. Lakini hilo hakulisema. Kibet alikuwa amekula kiapo mbele ya watu wote, tena mtu wa kwao akila kiapo cha namna ile hangoji. Jioni hiyo hiyo alimwarifu mwenye chumba kwamba anaondoka. Chumba kilikuwa kwa jina la Kibet, na Selam hakuwa na jina la kuweka popote. Kabla ya Ijumaa nyingine Kibet alikuwa amepanda ndege kwenda nyumbani kwa mke wake, na hajarudi.

Mwalimu alifika Al Qusais akiwa na mfuko wa unga, mafuta na gauni dogo la manjano. Alikuwa amemwomba mke wa mwenyeji wetu amchagulie. Alipobisha, mlango ulifunguliwa na mwanamume wa Kipakistani aliyekuwa ameshika pazia na misumari. Alimwambia hajui mwanamke yeyote. Mwalimu alirudi na ule mfuko hadi International City, mabasi mawili, akaja kuuweka mbele yangu mezani kwenye kantini ya majengo ya Uchina.

"Wale walisema hii si kazi ya siku moja wala mbili," aliniambia. "Imeandikwa. Walisema mvua inanyesha, watu ni wengi, wapewe muda. Wazee wakakaa na kila mtu na shauri lake, miezi. Sisi tulimaliza kabla pilau haijapoa."

"Mbona hukueleza siku ile, Mwalimu?"

"Niliogopa nikieleza nitalainisha. Na watu walikuwa wanaamka, binti. Miaka mingapi nimengoja waamke?"

Kisha akasema lile ambalo nimelibeba tangu hapo. "Na wale wanawake? Kitabu kinawataja, kinasema wengine walikuwa na watoto, kisha kinanyamaza. Mwisho. Nimesoma habari hiyo tangu ujana na sikuwahi kuuliza walikwenda wapi."

Tangu siku hiyo siku zake za mapumziko alizimaliza akitafuta. Aliingia mikahawa ya Wahabeshi Deira, maduka ya nywele, vichochoro vya nyuma ya soko la jumla. Lakini fikiria mzee mwenye miwani na shati la mikono mirefu anaulizia mwanamke asiye na karatasi. Walimdhani askari. Wakimwona anakuja, mlango unafungwa. "Mafi, baba, mafi," walimwambia, yaani hayupo, na wengine walisema hivyo kabla hajataja jina. Kadiri alivyouliza ndivyo Selam, popote alipokuwa, alivyozidi kujificha. Nilimwambia aache. Alisema nimwonyeshe njia nyingine. Nilimkasirikia sana wakati huo, na nilimhurumia pia, na sikujua nianze na lipi.

Mwalimu alimpata Kibet simuni mara moja tu, kwa msaada wa mchungaji wa huko. Alinisimulia mazungumzo yenyewe, nayo yalikuwa mafupi. Kibet alisema, "Mwalimu, khalas, yamekwisha. Nilitii. Usinirudishe nyuma." Baada ya hapo simu ikawa inaita tu.

La ajabu ni kwamba ushirika ulistawi. Watu walikuja mpaka kutoka Sharjah na Ajman, na ushuhuda wa Kibet ulisimuliwa kila mgeni alipofika, ukiongezwa chumvi. Mwalimu aliacha kuongoza. Alikaa nyuma, karibu na viatu. Ijumaa moja aliomba nafasi, akasimama akasema alitukosesha, kwamba alisoma bila kueleza, kwamba kuna mama na mtoto tuliowatupa na dhambi hiyo ni yake. Watu waliguswa sana. Waliitikia amina, wakasema tazameni unyenyekevu wa mzee, na kijana aliyekuwa akiongoza akaanzisha wimbo. Mwalimu alibaki amesimama wimbo mzima, mikono imening'inia, akiwatazama.

Halafu ruhusa ya mfalme ikaja. Mudir, meneja wa ghala, Mlebanoni aliyempenda, alimwita ofisini akamwambia umri wake umefika na viza haitaongezwa. "Khalas, ya ustadh. Nenda upumzike na mama." Mtu aliyetuhubiria kurudi miaka yote ile alimwomba mudir amwongezee muda. Aliomba mara ya pili. Mara ya tatu alikwenda na mimi, eti nimsaidie Kiingereza, ambacho anakijua kunishinda. Mudir alisikitika kweli, lakini hakuwa na uwezo. Tuliporudi kwenye metro Mwalimu aliacha kituo chake kikapita.

Aliyempata Selam hakuwa yeye wala mimi. Pale dobi nafanya kazi na Mhabeshi anaitwa Tigist, na siku moja alikuja amesukwa vizuri. Akanieleza kwamba msusi wake Deira ana mtoto kituko, mtoto wa Kihabeshi anayegombeza wanasesere kwa lugha yenu nyinyi Wakenya. Anawaambia wacha, keti, kunywa maji. Nikajua ni Hana. Nilimweleza Tigist yote, akaenda akaongea na yule msusi wiki nzima, mpaka akakubali tuje. Mwalimu alikuwa amebakiza siku mbili.

Tulikwenda alasiri. Chumba kilikuwa juu ya wakala wa mizigo, kina wanawake wengine waliotutazama tu. Selam alikuwa amekonda. Alinikumbuka, akanikumbatia. Mwalimu hakumjua kwa sura, ila alikuwa akisikia habari zake kwa Kibet, na aliposikia ni nani alimwekea mto akalie, akaweka kahawa motoni. Hana alikuwa mrefu kuliko nilivyotazamia. Lile gauni la manjano Mwalimu alikuwa amekuja nalo, na lisingemwingia hata mkono. Akauacha mfuko chini ya kiti.

"Shikamoo," Hana akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Selam akaanza kabla Mwalimu hajapata pumzi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kibet, na Kiarabu kidogo ndani. "Kibet alisema mama yake mgonjwa sana. Alisema mwezi mmoja, anarudi. Mimi nikangoja. Sasa simu hashiki. Labda kuna shida kubwa, labda viza, sijui. Mimi sina hasira. Nataka tu asaini. Ubalozi wetu wanasema bila sahihi ya baba, mtoto hana pasipoti. Bila pasipoti hana shule, na mimi siwezi kurudi Addis. Akisaini, khalas, naenda. Sitaki kitu kingine."

"Mama," Mwalimu akasema, "mimi ndiye—"

"Wewe anakuheshimu. Kila siku alisema Mwalimu, Mwalimu. Mpigie wewe. Yako atashika."

Nilimwona Mwalimu akipima maneno aliyokuja nayo. Alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima, nilimsikia kwenye metro akiyanong'ona. Lakini mwanamke alikuwa ameinama mbele, mikono imefumbatana, hataki maungamo ya mtu, anataka simu ipigwe. Akatoa simu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje kwa vile masikio yake si mazuri. Ikaita muda mrefu. Ikashikwa na mwanamke.

"Mwalimu," ile sauti ikasema, kwa furaha ya kweli kabisa. "Ni mimi, Mama Chebet. Leo umetukumbuka. Sisi huku hatulali bila kukuombea. Ulinirudishia mzee wangu, Mwalimu. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nilikuwa nimefunga virago niende kwa mama. Sasa amekuwa mtu mwingine. Wamemchagua mzee wa kanisa, ndio huko ameenda, kwa mkutano, simu ameacha. Na niko mjamzito. Akizaliwa kijana tutamwita jina lako. Tumeshakubaliana."

Mwalimu alisema asante, asante mwanangu.

Hana alikuwa amesogea akaegemea goti lake, akamwuliza kwa sauti ndogo kama huyo kwenye simu yuko Kenya.

"Nasikia mtoto," Mama Chebet akasema. "Umepata mjukuu huko?"

Mwalimu alimtazama yule mtoto. Ukisema hapa, unabomoa nyumba moja ambayo ina watoto wawili na wa tatu tumboni. Ukinyamaza, hii nyingine inabaki kama ilivyo. Nilikuwa nikimtazama na sikujua ningemwombea aseme lipi.

"Ni mtoto wa jirani," akasema.

"Haya, msalimie. Nimwambie baba Chebet umepigia nini?"

"Nilikuwa nawasalimu tu. Narudi nyumbani."

"Bwana asifiwe. Karibu nyumbani, Mwalimu."

Simu ikakatika. Mwalimu aliiweka juu ya paja, kisha akaikamata tena, kisha akaiweka. Selam alikuwa ameelewa nusu. Nilimwona akipanga ile nusu kichwani, akiigeuza, akitafuta mahali pa kuiweka ambapo haitaumiza.

"Yule ni dada yake?" akauliza.

Mwalimu akaanza kulia. Sijawahi kumwona mzee akilia hivyo mbele ya mtoto. Hana alichukua kitambaa cha nywele kwenye meza ya mama yake akampa, naye akakipokea, akajifunika uso nacho. Kahawa ilikuwa inafurika motoni na hakuna aliyeinuka.

Selam akanigeukia. "Dada, ni dada yake, si ndiyo?"

Ndege ya Mwalimu ilikuwa kesho kutwa, na mimi ndiye nitakayebaki na mji huu. Basi mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia yule ni mke wa ndoa, nikamwambia habari ya Ijumaa ile, kiapo, amina, yote. Nilieleza polepole, sikuruka kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Kisha akauliza kama yule mke angeweza kusaini badala ya Kibet.